Jino la Shangazi

Ilikuwa mwaka 2017, mwezi wa Januari, msimu wa harmatani, pepo za jangwani zilipoifunika bandari ya Tema kwa vumbi hata jua la adhuhuri likatazamika kwa macho matupu.

Simu ya Dzifa Agbeko, fundi wa kikosi cha siri, ilitetemeka.

"Shangazi anaumwa jino," ilisema sauti ya Kamanda Tetteh. "Ling'oe, lakini asilie."

"Akilia?"

"Adotei hatarudi."

Simu ikakatika.

Dzifa hakuhitaji ufafanuzi. Shangazi ni kompyuta kuu ya rada ya pwani. Diski zake nne zilibeba mzigo mmoja kwa ushirika, kila kipande cha kumbukumbu kikiwekwa katika diski mbili. Moja ilikuwa ikifa. Ilipaswa kubadilishwa mtambo ukiwa unafanya kazi, kwa kuwa katika vumbi lile hapakuwa na jicho la kuiona meli ya wauza silaha iliyokuwa ikiambaa pwani. Rada peke yake iliiona. Na ndani ya meli hiyo, kati ya makasha ya bunduki, alijificha jasusi Adotei, ambaye siku moja alimchomoa Dzifa ndani ya gari lililokuwa likiwaka moto.

Langoni pa kituo, Maa Korkor aliuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kuchoma.

"Maa, niazime beseni la kenkey na upepeo."

"Upepeo wangu? Moto wa samaki niupulize kwa pua?"

"Muuza kenkey asiye na upepeo ataaminiwa na nani?"

"Haya, chukua. Usipourudisha, nitakufuata hadi kwenu Keta, mbele ya wakwe zako."

"Sina wakwe, Maa."

"Kwa mtindo huu wa kuazima, hutawapata!"

Chini ya kenkey zilizofungwa kwa maganda ya mahindi, Dzifa alificha bastola ya Beretta, redio ya Motorola na diski mpya, akaingia kama mchuuzi ili wapelelezi wa wauza silaha wasimtambue.

Chumba cha mtambo hakikuwa na dirisha. Mlango wake ulikuwa wa chuma. Ndani alisimama mwanamume aliyevaa ovaroli ya kifundi.

"Karibu, dada. Mimi Kwadwo, mtoto wa Cape Coast. Makao makuu wamenituma nikusaidie."

Akamnyooshea diski.

Kwa mkono wa kushoto.

Mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu, wala hakuomba radhi. Katika pwani ile, mtoto ampaye mtu kitu kwa kushoto huzabwa kofi kabla hajajua kuhesabu. Dzifa aliipokea diski kwa kulia, akatabasamu.

"Chomoa ile mbovu kwanza," mtu yule alisema, "ndipo uchomeke hii. Ngoja nilete bisibisi."

Dzifa alipotumbukiza mkono katika beseni kuitafuta bastola, mlango ulikwisha kubamizwa. Kufuli likalia kwa nje. Kisha kiyoyozi kikanyamaza.

Amenaswa.

"Kamanda, fundi ni wa bandia. Amenifungia."

"Tunamsaka. Mlango huo hadi tuukate. Shangazi je?"

"Anapumua."

Hila yao sasa ilikuwa wazi. Wangeuvunja mtambo, king'ora kingelia jeshini. Ungekufa kwa kosa la fundi, hakuna ambaye angeshtuka hadi meli imekwisha kupotea.

Dzifa aliitupa kando diski ya yule laghai. Aliichomeka ya kwake katika nafasi ya tano, iliyokuwa wazi, akaiacha ile mbovu mahali pake. Hata anayekufa huwa bado ana neno la kuusia. Akatoa amri. Mpya ikaanza kunyonya kumbukumbu.

Asilimia kumi.

Joto likapanda. Kuta zilikuwa kama zinasogeleana. Taa ya diski jirani, iliyobeba nakala zilezile, ikageuka njano: nayo ilikuwa ikichoka, na kama mbovu ingechomolewa kwanza, kumbukumbu zingepotea.

Simu ya ukutani ikalia.

"Mrembo, joto limekukolea? Zima mtambo, nikufungulie."

"Umejificha wapi, kaka? Chooni?"

"Utaiva humo kama kenkey!"

"Kenkey ikiiva huliwa. Wewe utachachia jela."

Akakata.

Diski jirani ikaanza kukwaruza. Dzifa aliunyakua upepeo wa Maa Korkor, akapepea. Hakujipepea yeye, aliupepea mtambo. Jasho likamwingia machoni. Mkono ukafa ganzi, akabadilisha mkono. Pumzi ikawa nzito, na mlango ulikuwa bado mzima.

Asilimia tisini.

"Bado kidogo, Shangazi. Usilie."

Taa ya njano ilififia, ikawaka, ikafifia.

Mia.

Ndipo alipoichomoa ile mbovu. Mtambo haukutikisika.

Redio ikakoroma. "Meli imezingirwa," alisema Kamanda. Kisha sauti nyingine, yenye kucheka na kukohoa:

"Dzifa! Nimesikia ulikuwa ukiniombea."

"Sikuomba, Adotei. Nilikuwa nikipepea."

"Basi lile deni la moto limekwisha."

"Lile, ndiyo. Nina jingine langoni."

Mlango ulikatwa. Ukumbini, laghai alikuwa amefungwa pingu, ovaroli imelowa maji ya choo.

"Nilikosea wapi?" akauliza.

"Mtoto wa Cape Coast asingeuliza."

Akampita bila kupunguza mwendo.

Langoni, Maa Korkor alikuwa ameinama juu ya jiko, mashavu yamemvimba kwa kupuliza.

"Ee! Mbona umelowa hivi? Ulikuwa ukichoma samaki gani?"

"Papa, Maa."

Dzifa alimnyooshea upepeo kwa mkono wa kulia, akaenda zake vumbini.