Mbao ya Uvunguni

"Fundi, mkeo ananichukia?"

Mwalimu Magreth aliuliza huku akicheka, kapu la mihogo mkononi. Alikuwa ametoka Njombe kuja kufundisha, hajamaliza hata mwezi pale Mtawanya. "Napiga hodi kuomba moto, ananiitikia karibu. Nasubiri weee, hatoki."

Fundi Mohamedi aliweka msumeno chini. "Lini?"

"Jana mchana. Na juzi."

"Mwalimu, mke wangu alifariki kabla ya Ramadhani. Humu nakaa peke yangu."

Magreth hakucheka tena. Alisema pole, akaondoka haraka bila kugeuka.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wanahamishiwa vijijini. Ndugu wote wa Mwanahawa, mkewe marehemu, walipelekwa kijiji cha ujamaa upande wa Kilambo, na mtaani zikabaki nyumba zilizofungwa na korosho zisizo na wa kuziokota. Mohamedi aliachwa kwa sababu ya useremala wake. Kila jioni alisonga ugali wa mtu mmoja, akala nusu.

Mwanahawa alikuwa mgonjwa wa magoti, na baridi ya sakafu ya saruji ilimtesa. Miaka kumi alimwomba mumewe amtandikie mbao. Miaka kumi Mohamedi alitandika nyumba za wakubwa. "Mimi utanitandikia nikifa," alikuwa akimtania, na ndivyo ilivyokuwa. Arobaini ilipopita, Mohamedi alinunua mbao za mninga zilizobomolewa kwenye nyumba ya mlowezi karibu na Naliendele, akaanza kazi chumbani.

Palikuwa na mkeka. Ndio aliofia Mwanahawa. Desturi yao inajulikana: mkeka wa marehemu hutolewa sadaka kwa waliomwosha, hauachwi ndani. Lakini Mohamedi aliuficha, akawadanganya kina mama waoshaji kwamba ulichanika akauchoma. Sasa aliutandaza palepale ulipokuwa siku zote, kando ya kitanda hadi uvunguni, akapanga juu yake papi, zile fito za kushikilia mbao, akapigilia mbao juu ya papi. Na kwa sababu dhamiri ilimsuta, kila msumari aliusomea Ayatul Kursi. Msumari, aya. Msumari, aya. Ukuta hadi ukuta.

Hakujiuliza kama chini ya aya zile kulikuwa na kitu tayari.

Siku aliyoambiwa na Magreth, baada ya swala ya alasiri, alivua viatu akasimama katikati ya chumba. Harufu ya udi ilipanda kwenye nyufa za mbao, ingawa hakuna aliyefukiza tangu msiba. Kisha kitu kikajiburuta chini ya nyayo zake, polepole, kutoka mlangoni kuelekea kitandani, kama mtu anayetambaa kwa sababu magoti yanamuuma, na kilipofika upande aliokuwa akilala mkewe kikatulia, kikapumua, kikakwaruza ubao mara tatu kwa ukucha, na sauti ya Mwanahawa, ndogo, kavu kama yenye vumbi, ikasema: "Mohamedi. Sasa hakuna baridi. Ahsante, mume wangu."

Hakukimbia. Alilala kifudifudi, shavu juu ya mninga, akalia, wakaongea hadi adhana ya magharibi, naye hakwenda kuswali.

Ijumaa mbili zilipita. Shehe Rashidi akaja mwenyewe.

"Huonekani msikitini, Mohamedi."

"Naumwa, shehe."

Shehe alinusa hewa. Akashusha sauti. "Ule mkeka uliuchoma kweli?"

Mohamedi akakiri yote, hata yale mazungumzo.

"Maiti harudi, mwanangu. Huyo ni jini, alikuja kulalia mkeka wa msiba, nawe ukamzungushia aya kama kufuli. Atoke wapi? Sasa amekuzoea, na wewe umemzoea. Ng'oa mbao. Zote, umenisikia? Mlango uache wazi, na mkeka uniletee leo."

Alianzia mlangoni. Kila ubao ulipong'oka, sauti ilirudi nyuma huku ikimwomba, ikimtajia chakula alichopenda, ikimkumbusha siku ya harusi yao na mvua iliyowanyeshea, mpaka ikabaki mbao moja tu, uvunguni mwa kitanda, na chini yake sauti ikanong'ona: "Na hii je? Ukinitoa, utabaki na nani?"

Mohamedi aliweka nyundo chini. Kisha akachukua kisu, akaukata mkeka sambamba na ule ubao, kipande akakiacha chini yake. Kilichobaki akakipeleka kwa shehe.

"Zote?"

"Zote, shehe."

Simhukumu. Nami nimewahi kuambiwa nitoe kitu nikatoa pungufu, Mungu anisamehe.

Mwezi ukapita. Mohamedi akarudi safu ya mbele msikitini, na Magreth, akijiona alimkosea mfiwa, akampelekea bakuli la maharage mchana wa Ijumaa. Akapiga hodi.

"Karibu, mwalimu," Mohamedi akaitikia kutoka ndani. "Tupo."

Magreth akasukuma mlango. Haukufunguka. Akatazama: kufuli lilikuwa nje.

Aligeuka. Njiani, akitoka msikitini na kanzu yake, Mohamedi alikuwa anakuja, anatabasamu.

"Mwalimu! Unamtafuta nani?"

Na kabla Magreth hajafumbua mdomo, kutoka ndani, chini kabisa, sauti ileile ya Mohamedi ikajibu:

"Mimi."