Maziwa ya Sapiwi, Aiskrimu ya Somanda

Pikipiki ilikuwa imeshalipita zizi, lakini sauti ya Kwandu bado iliwafuata.

"Ng'wana Maganga! Usiyaweke motoni! Usinichomee ng'ombe chuchu!"

Milembe, binti wa mzee Maganga, alikuwa amekaa nyuma ya mumewe, Luhaga. Dumu la maziwa lilifungwa kwa mpira ubavuni mwa pikipiki.

"Mjibu mama," Luhaga alisema bila kugeuka. "Usipomjibu atatufuata kwa miguu mpaka mjini."

"Nimesikia, mayu!" Milembe alipaza sauti. "Siyachemshi!"

"Haya, nendeni salama!"

Hivyo ndivyo asubuhi zao zilivyokuwa. Wanatoka Sapiwi na maziwa, wanapita katikati ya mashamba ya pamba, wanafika kwao Somanda, Bariadi mjini, kabla jua halijakuwa kali.

Kwandu ni mama mzazi wa Luhaga. Mumewe alipofariki, watu walisema mjane atauza ng'ombe. Hakuuza hata mmoja. Aliwasimamia mwenyewe, wakazaana, zizi likaongezwa. Katika ukoo wake, maziwa hayakuwa yanachemshwa. Waliamini kwamba maziwa na chuchu havitengani. Ukiyaweka maziwa motoni, moto unamfikia ng'ombe aliyeyatoa. Chuchu zinapasuka, ng'ombe anakauka. Maziwa yalinywewa mabichi, au yaligandishwa kwenye kibuyu yakawa mtindi. Alimpa mkwewe maziwa kwa sharti hilo moja. "Siku nikisikia umeyachemsha," alimwambia, "ukanunue ya pakiti."

Milembe aliyahitaji maziwa yale. Alikuwa akitengeneza aiskrimu na kuziuza chini ya mwavuli, kando ya njia iendayo hospitali. Na alijua kazi yake, asikwambie mtu. Kwanza kulikuwa na lambalamba za ukwaju na za ubuyu. Hizo ni maji, tunda na sukari, zinagandishwa na kijiti katikati. Mtoto analamba mpaka ulimi unabadilika rangi. Halafu kulikuwa na aiskrimu ya maziwa, ya kula kwa kijiko kwenye kikombe. Wengine mjini walikoroga unga mwingi na rangi. Aiskrimu ya Milembe ilikuwa maziwa matupu, sukari na vanila. Aliipiga kwa mashine mpaka ikajaa hewa, akaigandisha kidogo, akaitoa, akaipiga tena. Ndiyo maana ilikuwa laini, haikuwa na mchanga wa barafu mdomoni.

"Hii imetoka Ulaya?" mteja mmoja aliwahi kuuliza.

"Imetoka Sapiwi," Milembe alijibu. "Mlaji ni wewe, mla majani ni ng'ombe wa mama mkwe wangu."

Maji ya lambalamba aliyachemsha kila siku, maana alishasikia habari za homa ya matumbo. Maziwa hakuyachemsha. Aliona hakuna neno. Si yanakwenda kwenye friza? Kitu gani kitabaki hai kwenye baridi ile?

Jirani yake Shida alipomwoza binti yake, aliagiza aiskrimu za Milembe kwa ajili ya sherehe ya kumuaga bibi harusi. Watu wazima walipewa aiskrimu ya maziwa. Watoto walipewa lambalamba, kwa sababu zile hata zikidondokea nguo si hasara. Watu walisifu. Mshereheshaji alimwita Milembe mbele, akapigiwa vigelegele. Usiku ule alilala na furaha.

Kesho yake mchana Shida alisimama mlangoni kwake. Hakubisha hodi.

"Mama Josia," alimwita kwa jina la mwanawe, "umetupa nini?"

"Karibu kwanza, jirani. Kuna nini?"

"Sikaribii. Wageni wangu wanapishana chooni kama siafu. Bibi harusi mwenyewe amewekewa maji hospitali. Binti yangu anakwenda kwa mumewe ameshika tumbo!"

Milembe aliacha kukoroga sufuria ya ukwaju. "Labda ni pilau, mama."

"Pilau tumekula wote. Watoto walikula pilau, wakala na nyama. Wako pale wanacheza mpira. Walichokosa wao ni hiyo aiskrimu yako ya maziwa." Shida alipunga mkono. "Na hivi mimi ni mjumbe wa kamati ya chakula ya jubilei ya parokia. Walitaka kukupa kazi ya aiskrimu wewe. Sasa nisikie mtu anataja jina lako pale!"

Akaondoka. Maneno ya Somanda yana pikipiki zake. Kufikia jioni, chini ya mwavuli wa Milembe hapakuwa na mteja. Hata waliotaka lambalamba walipita upande wa pili wa barabara.

Luhaga aliporudi alimkuta mkewe ameketi jikoni mikono mapajani.

"Waambie walikula vibaya," alisema Luhaga.

"Wote? Na watoto je?" Milembe alitikisa kichwa. "Shida ana mdomo mchafu, lakini hesabu yake imenyooka. Kitu kimo kwenye maziwa."

Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa Felisita, afisa mifugo, mwenyeji wa Meatu. Alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, na mteja wa lambalamba za ubuyu. Milembe alimwendea, akamweleza yote.

"Maziwa unachemsha?" Felisita aliuliza.

"Hapana. Lakini yanaganda kama jiwe, dada. Mdudu gani atapona humo?"

"Wote wanapona. Baridi haiwaui vijidudu, inawalaza. Umeona chura wa kiangazi? Anajificha ardhini, unasema amekufa. Mvua ikinyesha, anaimba. Na vijidudu ni hivyohivyo. Aiskrimu ikiyeyuka mdomoni, wao wanaamka tumboni."

Milembe akauliza, "Vimetoka wapi? Ng'ombe wetu wana afya. Dumu naliosha."

"Ng'ombe analala kwenye samadi. Chuchu ina samadi, mkono una samadi, nzi naye anatafuta riziki yake. Mwenye kuyazoea anaweza kunywa asiumwe leo. Mgeni anaanguka. Na kuna magonjwa mengine yanatoka ndani ya ng'ombe mwenyewe, hayaonekani kwa macho. Dawa yake ni moto. Chemsha, Mama Josia."

"Nikichemsha sina maziwa. Nisipochemsha sina wateja."

Akamsimulia sharti la Kwandu. Felisita hakucheka safari hii.

"Unaweza kuchemsha kimya kimya," Luhaga alisema walipokuwa nyumbani. "Mama yuko Sapiwi. Atajuaje?"

"Nitajua mimi," Milembe alijibu. "Mama yako ameniamini akanipa maziwa ya ng'ombe wake. Sitamwibia kwa moto. Nitakwenda kumwambia usoni."

Jumamosi walikwenda yeye na Felisita. Kwandu alikuwa kivulini pembeni ya zizi, amenyoosha miguu, anajisugua magoti.

"Mwadila, mayu," Felisita alisalimia, akapiga goti kidogo.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Mayu, ng'ombe ndio hawa? Basi kumbe huku ndiko kwenye ng'ombe!"

Uso wa Kwandu ulichanua. Aliinuka kwa shida, akamzungusha mgeni zizini, akimtajia kila mmoja, mama yake na bibi yake. Walipokwisha kukaa, Milembe alisema lililomleta. Alilisema lote: sherehe, matumbo, bibi harusi, wateja. Mwishoni akasema, "Mayu, naomba ruhusa yako nichemshe."

"Ng'wana Maganga," Kwandu alisema polepole, "unataka kunikaushia zizi?"

Felisita aliingilia. "Mayu, maziwa yakishatoka yametoka. Ni kama nywele ukishanyoa. Ukizichoma, je, kichwa kinauma?"

"Nani amekwambia nywele zangu nazichoma? Nazifukia, tena mbali! Mtu akizipata utaona kichwa kinavyouma."

Hapo Felisita alicheka mpaka machozi. "Nimeshindwa, mayu. Nimechagua mfano mbaya." Akajifuta, kisha akaonyesha ng'ombe wa kijivu. "Yule nimemwona hana ndama. Alitupa mimba?"

"Mwaka jana. Na mwenzake yule mweupe. Wenye wivu wapo."

"Na wewe mayu, magoti yameanza lini?"

"Ni uzee."

"Na homa je? Inakuja jioni, unatoka jasho, inaondoka, inarudi?"

Kwandu alimtazama mkwewe kwa ukali. "Umemwambia?"

"Sijui habari hiyo, mayu. Hujatuambia hata sisi."

"Hakuniambia mtu," Felisita alisema. "Ng'ombe ndio wameniambia. Kuna ugonjwa unaitwa brusela. Ng'ombe akiwa nao anatupa mimba. Mtu akinywa maziwa yake mabichi, anapata homa ya kwenda na kurudi, na viungo vinamuuma. Unapimwa kwa damu, na dawa yake ipo. Pengine siyo hiyo. Lakini tupime."

Kwandu aligeukia zizi. Kisha akasema, kama anayesema na ng'ombe, "Mzee wangu naye alianza hivihivi. Mgongo, na jasho la jioni. Tulimwita mganga huyu, tukamwita yule."

Milembe alimsogelea, akamshika mkono.

"Sasa," Kwandu alisema hatimaye, na sauti yake ikarudi kuwa ya mwenye zizi, "mimi sikuwatunza hawa ili watu waseme ng'ombe wa Kwandu wanaumiza harusi. Nitapima damu. Na wao wapimwe. Na wewe, ng'wana Maganga, chemsha. Lakini akikauka hata mmoja, nitakuja Somanda nilale kwenye hiyo friza yako, ukose pa kuweka ukwaju."

Damu ilipimwa, ikaonekana brusela. Kwandu alipewa dawa za wiki nyingi. Alitaka kuziacha maumivu yalipopungua. Milembe akawa anampigia simu kila asubuhi: "Mayu, umemeza?" "Nimemeza, askari we!" Ng'ombe nao walipimwa. Wa kijivu na mweupe walikutwa nao, wakatengwa na kuondolewa zizini kama wataalamu wa mifugo walivyoelekeza, na mitamba, ng'ombe jike ambao hawajazaa, wakachanjwa. Kwandu aliwalilia wale wawili. Lakini waliobaki waliendelea kukamuliwa, maziwa yanakwenda motoni Somanda kila siku, na chuchu zao hazikupasuka.

Jikoni kwa Milembe, kazi ilibadilika. Aliyachuja maziwa kwa kitambaa safi. Aliyachemsha mpaka yakafura, akapunguza moto, akaendelea kukoroga yakitokota kwa dakika chache ili yasiungue chini. Kisha alifunika sufuria na kuikalisha kwenye beseni la maji baridi, yapoe upesi. Mashine, mwiko na vikombe alivimwagia maji yaliyochemka. Dumu la maziwa mabichi halikuruhusiwa tena kukaa meza moja na maziwa yaliyochemshwa. Umeme ukikatika na aiskrimu ikayeyuka, hakuigandisha tena. Aliimwaga, roho ikimuuma.

Felisita alimfundisha na aina mpya: mtindi ulioganda. Maziwa yanachemshwa, yanapozwa mpaka yawe ya uvuguvugu, yanatiwa kijiko cha mtindi safi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, yanafunikwa mpaka kesho. Halafu anatia asali, anapiga, anagandisha. Kwandu aliuonja kwa mashaka. Akamaliza kikombe. "Huu una akili," alisema.

Milembe alibeba kikombe kimoja mpaka kwa Shida.

"Sili," Shida alisema.

"Sikuja ukile. Nimekuja kukuita jikoni kwangu kesho. Uje na kamati nzima mkitaka. Mkae, mtazame toka maziwa yanashuka kwenye pikipiki mpaka yanaingia kwenye friza. Mkiona uchafu, mseme barabarani. Mkikosa, semeni hivyo hivyo barabarani."

Shida alikuja. Alikaa kwenye kigoda asubuhi nzima, anachungulia kila sufuria, hata chini ya kucha za Milembe alitazama. Mwisho akasema, "Mimi kwangu sichemshi namna hii. Haya, nipe hicho kikombe."

Kamati ikampa Milembe kazi ya aiskrimu. Siku ya jubilei, jua lilikuwa la Simiyu hasa. Meza ya Milembe ilikuwa na kitambaa cheupe. Palikuwa na lambalamba za ukwaju na ubuyu, aiskrimu ya maziwa, na mtindi ulioganda wenye asali. Foleni ilizunguka mti ulioning'inizwa kengele ya kanisa. Shida alisimama mwanzo wa foleni akiwapanga watu kama mgambo. "Ya maziwa hii imechemshwa! Nimeona mwenyewe kwa macho haya!"

Mshereheshaji alichukua kipaza sauti, akauliza aiskrimu ile ni ya kiwanda gani.

Kwandu alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya. Akainuka. Magoti hayakumkatalia.

"Kiwanda ni mkwe wangu yule pale," alisema kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Na ng'ombe ni wa kwangu!"

Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ambo ya barabara. Milembe alijifanya anatafuta vijiko chini ya meza, ili watu wasione machozi yake.

Baada ya jubilei, Milembe alipata kibanda cha kudumu karibu na hospitali, na afisa afya hupita kukikagua. Friza sasa ni mbili. Kwandu alimaliza dawa zake na homa haijarudi. Anaishi Sapiwi na ng'ombe wake, na mgeni anayeomba maziwa pale anapewa yaliyochemshwa. Luhaga bado anaendesha pikipiki. Binti ya Shida alijifungua mtoto wa kike. Shida bado ni mjumbe wa kamati, na bado ana mdomo. Felisita alihamishiwa Meatu, kata ya Lingeka, ambako anafanya kazi mpaka leo.