Shati la Kocha Halikuwahi Kunuka Jasho

Kocha alimnyofoa mjukuu wangu filimbi shingoni mpaka kamba ikakatika!

Mbele ya wachezaji wote. Saa moja tu kabla ya fainali...

"Toka! Nitahakikisha hufundishi kikapu popote maisha yako yote!"

Wanangu mnaonisoma, nilikuwepo, nimekumbatia jezi kumi na mbili. Mimi ndiye mfuaji wa timu ya wasichana ya chuo. Mjukuu wangu alikuwa msaidizi wa kocha. Kosa lake? Mkuu wa michezo alimuuliza yeye, si Kocha, tutawakabili vipi wapinzani. Na akajibu vizuri.

Basi, hilo tu.

Sasa mjue huyu Kocha ni mtu gani. Miaka tisa nimefua nguo zake. Jezi za mabinti zilikuja zimelowa jasho. Fulana za mjukuu wangu, hivyo hivyo. Shati la Kocha? Marashi matupu! Wakati wa mazoezi yuko nje na simu, anaingia wapiga picha wakifika. Vikombe vitatu kabatini, vyote anasema vyake. Kifua mbele, kama jogoo anayedai mayai kataga yeye!

Mjukuu wangu hakubishana. Aliwaambia mabinti, "Kunyweni maji, msipoe," akaenda zake jukwaani. Kulia alilia, lakini alisubiri kwanza wasimwone.

Nusu saa baadaye, nikiwa namalizia kupiga pasi kwenye chumba cha jezi, Kocha akaingia na kalamu. Kila timu lazima ipeleke karatasi ya majina kwa makarani wa mechi. Siku zote aliijaza mjukuu wangu, yeye anasaini tu.

"Bibi, yule mrefu anaitwa nani?"

"Warefu wako sita, mwanangu."

"Namba nne!"

Hajui! Mabinti wanaompa ulaji, majina yao hayajui!

"Nimeyaandika ndani ya kola. Geuza tu uone."

"Sina muda wa kugeuza makola na kikongwe!"

Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi ya majina ya fainali ya mwaka jana. Akainakili yote, toka juu mpaka chini.

"Kocha, hiyo ni ya mwaka ja..."

"Bibi, piga pasi!"

Haya. Nikapiga pasi.

Timu zikaingia uwanjani. Karani akainua mkono.

"Namba saba hachezi. Aliyeandikwa hapa siye huyu."

Namba saba, mfungaji wetu! Alijiunga mwaka huu. Jina lililoandikwa ni la binti aliyekwishamaliza chuo, sasa hivi yuko kwake ananyonyesha.

"Mmekosea nyie!" Kocha akafoka.

"Mwandiko wako, Kocha. Na sahihi yako."

Namba saba akabadili nguo, akapanda jukwaani nilipokaa, akanikabidhi jezi yake imekunjwa vizuri.

"Haina jasho leo, Bibi. Usihangaike kuifua."

Mtoto kanyimwa fainali, bado anaihurumia mikono yangu! Nikamfunika shali langu.

Tukaanza kupigwa. Pointi kumi na nne nyuma! Kocha akamtukana refa. Akaonywa. Akamtukana tena, safari hii na mama yake.

"Nje!"

Refa akaenda kwa makarani. "Kocha katolewa, anashika msaidizi. Ni nani?"

"Hakuna! Nimemfukuza!" Kocha akapayuka, kifua kile kile.

Karani akasoma mstari wa mwisho wa karatasi, ule wa msaidizi.

Jina la mjukuu wangu!

Wanangu, lile jina nililiona akiliandika. Si nilitaka kumwambia? Si yeye aliyesema nipige pasi?

Mjukuu wangu akashuka ngazi mikono mitupu. Akawaita mabinti mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake. Sikusikia alichowaambia, ila niliona mabega yao yakinyanyuka.

Tulishinda kwa pointi moja! Na mkuu wa michezo alikuwa kakaa safu ya mbele, hakuhitaji kuhadithiwa.

Jumatatu Kocha alikuja kuchukua nguo zake. Mkataba wake haukuongezwa. Kocha mpya mnamjua.

"Yaani Bibi, hata wewe uliniacha nianguke?"

"Mwanangu, mimi naitwa nani?"

"Si... Bibi?"

Miaka tisa!

Nyie mnaoongoza watu, yajueni majina yao kabla hamjayahitaji. Siku mtakapoyahitaji, hata wa kumuuliza mtakuwa mmeshamfokea.

Nilimpa shati lake, safi, limenyooka. Ndani ya kola nilikuwa nimemwandikia jina langu, kwa wino usiotoka.

Akilivaa, jina limkae shingoni.