Sauti ya Baron Tausi

Mvua iliwafukuza watu wote barabarani, na Jumamosi hiyo soko la Sheffield likajaa pomoni. Denise Copley, muuza vifungo, lesi na manyoya, alikuwa anampimia mama mmoja utepe pale watu walipoanza kupisha njia huku wakicheka. Katikati yao alikuja mwanamume aliyevaa koti lililoshonwa kwa pazia la kijani na suruali ya dhahabu. Uso wake ulikuwa mweupe pe kwa poda, na jicho la kushoto alilizungushia doa la tausi kwa rangi ya buluu.

"Dada, nataka manyoya." Sauti ile ilikuwa nzito na laini, ya kumtoa nyoka pangoni.

"Ya kuku au ya bata? Maana unaonekana umetoroka bandani."

"Ya tausi. Na jina lako pia."

"Jina haliuzwi hapa."

"Basi niazime. Nitalirudisha kesho."

Akalirudisha kesho yake kweli, akiwa na chipsi zilizolowa siki, wakala pamoja nyuma ya kibanda. Mwanamume mwenyewe aliitwa Desmond Ollerenshaw, mtoto wa mfua chuma wa mtaa wa pili tu, ila jina hilo alilificha kama soksi iliyotoboka. Jukwaani alikuwa Baron Tausi, mwimbaji wa Mabirika ya Umeme, bendi ya vijana waliovaa mabati na kuimba juu ya mashine za kufulia na mapenzi ya sayarini. Mwanzoni watu waliwazomea. Mwaka ule wa themanini na moja wakaanza kupigania tiketi zao.

Denise ndiye aliyekuwa akimpaka lile doa la tausi kabla ya kila onyesho. Lakini uso mtupu hakuwahi kuuona. Desmond alikuja amekwishajipaka poda na kuondoka nayo.

"Una ndui nini, huko chini ya poda?" Denise alimtania.

"Hakuna kitu huko chini, kipenzi. Ndiyo maana napaka."

Denise alicheka, ila jibu lile lilimkaa kichwani.

Bendi ikaenda ziara ya mbali. Kila jioni, wakati wa chai, simu ya ukumbini ililia nyumbani kwa kina Denise, naye aliikimbilia na kijiko mkononi.

"Nimekukumbuka, laazizi. Umekula?"

"Nimekula. We' umekula?"

"Nitarudi, kipenzi. Usichoke kunisubiri."

Mapenzi yana upofu wake, na Denise alikaa wiki kadhaa bila kugutuka. Mpaka jioni moja aliposema huku analia, "Des, mama kalazwa. Wanasema ni moyo."

"Vizuri sana, kipenzi," ilijibu sauti, tamu kama kawaida. "Umekula?"

Denise alikata simu kwa hasira. Huyu mtu amelewa sifa hata hasikilizi! Kesho yake akaamua kumtega.

"Des, nimeolewa leo asubuhi."

"Vizuri sana, kipenzi. Umekula?"

Nyuma ya sauti gari lilipiga honi mara mbili na mbwa akabweka. Honi ile ile, mbwa yule yule, Denise alivisikia jana nyuma ya maneno hayo hayo.

Wiki hiyo Mabirika walionekana kwenye televisheni. Katika kipindi kile hakuna aliyeimba kweli. Sahani ya santuri ilipigwa, wanamuziki wakafumbua midomo kuifuata, na nchi nzima ilijua hivyo na haikujali. Baron Tausi alizunguka na pazia lake na mashabiki wakapiga mayowe. Denise aliinuka kwenye kochi. Doa la tausi lilikuwa kwenye jicho la kulia.

Mtu gani huyu? Na kama huyu si Desmond, Desmond yuko wapi? Jioni simu ilipolia, aliinyanyua akaikemea, "Wewe ni nani? Umemfanya nini Des wangu?"

"Nitarudi, kipenzi," sauti ilimbembeleza. "Usichoke kunisubiri."

Denise aliamini mpenzi wake amekufa, na kwamba kila jioni anaongea na maiti.

Jumamosi iliyofuata mteja mmoja alisimama kibandani. Mwembamba, kavaa koti la kijivu na skafu shingoni, uso wa kawaida kabisa. Aliyaonyesha manyoya ya tausi kwa kidole.

"Sema basi, kaka, una foleni nyuma yako."

Hakusema. Redio ya muuza chai ilikuwa ikiimba wimbo wa Baron Tausi, na yule mtu alijikunja kama anayechomwa. Kisha akachukua chaki ya buluu ya mafundi cherehani iliyokuwa mezani, akajichora polepole kuzunguka jicho la kushoto.

Mkasi ulimdondoka Denise. "Des?"

Akamvutia nyuma ya mapazia ya lesi. Desmond alishusha skafu, akaonyesha kovu bichi. Kilichotoka kinywani kilikuwa mkwaruzo, kama kiatu kwenye kokoto.

"Madaktari walinipasua koo. Sauti haitarudi."

"Na simu?"

"Clifford, mpiga kinanda. Alikata maneno yangu kwenye kanda za mazoezi, akayaunga. Mimi ndiye niliyekubali."

"Ukaniacha niongee na mashine! Naiambia mama anaumwa, inaniambia vizuri sana!" Denise alimchapa na fungu la manyoya mpaka yakapeperuka hewani. "Kwa nini, Des?"

"Uliipenda sauti. Nikaona nikuachie hiyo tu."

Denise alimtazama uso mtupu, wenye pua iliyopinda kidogo, mashavu yenye makovu ya chunusi. Ni kweli aliipenda ile sauti, na moyo ulimuuma kuikosa. Lakini sauti haikuwahi kujikunja mbele yake kwa aibu. Alimpangusa chaki kwa kidole gumba.

"Pua yako mbaya," alisema. "Nitaizoea. Lakini kanda hiyo nataka ife."

Desmond alikwenda kwa Clifford akaja nayo, wakaivuta yote na kuitia motoni kwenye makaa ya sebuleni, ikanywea na kunuka. Mabirika waliendelea na Baron wao mpya na santuri za zamani, na hakuna aliyegundua. Mama alipotoka hospitali wakafunga ndoa ofisini kwa msajili. Desmond alipokwaruza "Nakubali", msajili alimwomba arudie kwa nguvu. Denise akamjibu, "Mimi nimesikia. Inatosha."

Jioni ileile, wakati wa chai, simu ya ukumbini ililia.

"Nimekukumbuka, laazizi. Umekula?"

Kupitia mlangoni Denise alimwona mumewe jikoni, amekunja mikono ya shati, anamenya viazi, midomo ameifumba.

"Nimekula," alinong'ona. "Usipige tena. Mwenyewe yupo hapa. Ni mume wangu sasa."

Alisubiri ile "vizuri sana". Haikuja. Hakukuwa na honi wala mbwa, ila pumzi tu, ya mtu anayefikiri.

"Basi mtunze," ilisema sauti polepole, na simu ikakatika.