Maksi za Huruma

Mfagiaji ndiye aliyemkuta. Mlango wa chumba cha vitendo ulitundikwa kibao cha MTIHANI UNAENDELEA, USIINGIE, naye kwa adabu yake alipita na ndoo mara kadhaa bila kugonga. Alasiri ilipoingia akaona mchirizi mweusi unatoka chini ya mlango, na siafu wameshaupigia foleni. Akasukuma mlango. Ndoo ikamponyoka.

Bi Mhakiki alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza na mizani, kisogo kimebonyea, mkono mmoja umekamata mguu wa kiti kama mtu aliyejaribu kujivuta akaishiwa. Ubavuni pake lilikuwa jiwe la mizani la kilo tano, lile la mtihani wa vipimo, limegandwa na damu na nywele. Aliyempiga hakutosheka na pigo moja. Damu ilikuwa imerukia ukutani mpaka kwenye chati ya silabi.

Kituo kile kilifundisha watu wazima waliokosa shule utotoni: kusoma, kuandika na hesabu za kazini. Maksi zilitolewa na mwalimu wao wenyewe, na Bi Mhakiki alitumwa na makao makuu kuhakikisha kwamba maksi hizo ni za kweli. Karatasi peke yake haikumridhisha. Alimketisha mwanafunzi mbele yake, akampa kitu asome, na asiyeweza alimfutia ufaulu papo hapo, kwa sauti ya upole iliyouma kuliko matusi.

Inspekta aliyepewa kesi alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Bi Polepole, maana hakuwa na pupa hata kwenye fumanizi. Alipofika, watu walikuwa wameshampata muuaji wao.

Huyo alikuwa Bucha, mchinjaji wa machinjio ya mji, jitu la miraba minne. Asubuhi, uani, Bi Mhakiki alimweleza ana kwa ana kwamba cheti chake hakitathibitishwa, naye akanguruma mbele ya kadamnasi kwamba atamkatakata kama mbuzi. Habari ya maiti ilipoenea, wanafunzi wenzake walimfuata machinjioni, wakamkuta na aproni yenye damu, wakamburuta barabarani kwa mateke na matofali. Polisi walimpokonya kwao sikio moja likining'inia. Kisha Sajini, kijana wa mikono mizito, akamfungia ndani na kuendeleza walipoishia wale. Kabla jua halijazama alikuwa na maelezo ya kukiri, yamewekwa saini kwa herufi kubwa za kukwaruza.

Bi Polepole hakuyagusa. Alianza na kituo.

Mkuu wa kituo, mzee wa kutokwa jasho, alisema kwamba muda wote wa mchana alikuwa akisimamia mtihani wa kuandika ukumbini, na ukumbi mzima ukamshuhudia. Ila alipoulizwa kwa nini mhakiki alikuja kabla ya msimu wake, alijiumauma. Inspekta akamwacha ajiumeume.

Mwalimu alikuwa mtu mwingine kabisa. Wanafunzi walimpenda kama mzazi. Akina mama walikuwa wakilia wakimwona anavyohuzunika. Alimvutia Inspekta kiti kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukabaki ndani ya mfuko wa koti, akasema haamini yaliyotokea. Alidai kwamba mchana, wengine wakiwa ukumbini, alimwona Bucha amerudi, amesimama mbele ya ubao wa matangazo ambako Bi Mhakiki alikuwa amebandika majina ya waliokataliwa.

"Alifuatisha kwa kidole mpaka jina lake," Mwalimu alisema. "Akasoma kwa sauti, 'arudie hatua ya kwanza.' Kisha akapandwa na mori, akaelekea chumba cha vitendo. Laiti ningemzuia."

Bi Polepole alimshukuru, akaenda kukitazama kibao cha mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na alama ya kidole chenye damu. Kwa hiyo kilitundikwa baada ya mauaji, ili mtu asiingie upesi. Kilikuwa kimetolewa kwenye sanduku la vibao vilivyolingana kwa ukubwa na rangi: kimoja cha ofisi, kingine cha choo, kingine cha stoo. Mwenye kukichagua alijua anachokitaka.

Daktari wa polisi akamwongezea jingine. Katikati ya meno ya marehemu kulikuwa na kipande cha ngozi kisichokuwa chake. Kabla ya kufa, mama yule alimng'ata mtu.

Mahabusu, Bucha alikuwa amevimba uso hata macho yamebaki nyufa. Inspekta alimtoa Sajini nje, akaivuta mikono ya mchinjaji mezani. Makovu ya visu yalijaa, yote ya zamani. Jeraha la meno hakuliona. Akaweka maelezo mbele yake.

"Kaka, haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeyasoma?"

"Nimeyasoma yote."

"Na hapa uliposema ulimpiga kwa nyundo, ni kweli?"

Bucha aliinamia karatasi. Macho yake yakatembea mstari hadi mstari, taratibu, kama ya msomi. "Kweli tupu, dada. Kwa nyundo."

Karatasi ilisema jiwe la mizani. Nyundo haikuandikwa popote.

Bi Polepole aliikunja. Alikuwa ameona watu wakidanganya ili wasifungwe. Wa kudanganya ili afungwe alikuwa huyu wa kwanza. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ameshatambua hajui kusoma, na kwamba neno hilo likitoka pale litamwokoa shingo. Jitu lile, ambalo matofali hayakuliliza, likaanza kutikisika mabega.

Alieleza kwamba siku alipopewa cheti, mkewe aliita ndugu wa pande zote mbili, na kwa cheti hicho machinjioni wakamfanya msimamizi. Kila jioni alifungua gazeti sebuleni. Mwalimu alijua kwamba hajui kitu. Alimpa maksi akamwambia umri umekwenda, asijisumbue. Baada ya kugombana na Bi Mhakiki hakurudi tena kituoni. Alikwenda kukaa peke yake nyuma ya zizi.

"Wanifunge tu," alisema. "Mke wangu yuko hapo nje. Nitamwambia nini?"

Inspekta alirudi kwa Mkuu wa kituo, na safari hii hakumwachia nafasi ya kujiumauma. Mzee alikiri. Mwaka uliopita, katika kiwanda cha kufulia nguo, mtunza bwela, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, alifungua vali iliyoandikwa USIFUNGUE. Mvuke uliwachemsha hai yeye na wasichana wawili wa zamu. Alikuwa na cheti cha kusoma, kilichotiwa maksi na Mwalimu, na Mkuu alikisaini bila kuangalia. Bi Mhakiki alikuja kwa ajili ya hicho. Mzee alinyamaza akichelea kituo kufungwa.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuwa darasani akifuta ubao. Bi Polepole aliingia na Mkuu. Sajini akabaki mlangoni.

"Mwalimu, ulisema Bucha alisoma tangazo kwa sauti."

"Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Bucha hawezi kusoma. Hata jina lake analichora tu. Na katika mji huu aliyelijua hilo kabla yangu, ukimtoa marehemu, ni wewe."

Mwalimu alitabasamu kwa huzuni, kama anavyomtabasamia mwanafunzi aliyekosea.

"Hivyo asingeweza kuchagua kibao sandukuni," Inspekta akaendelea. "Ulimsingizia kosa ambalo lilihitaji kisomo, kwa sababu usingeweza kusema hajui bila kujitaja mwenyewe. Sasa utoe mkono wa kushoto mfukoni."

Mkono ulitoka, na kiti nacho. Kilimpata Inspekta begani, akasikia mfupa ukilia. Cha pili kilivunjikia juu ya meza aliyoiangukia, kikamchana shavu. Mwalimu alimrukia kooni kwa vidole kumi, na kitambaa kilichofungwa mkono wa kushoto kikafunguka: chini ya kidole gumba nyama ilikuwa wazi, safu mbili za meno zikionekana dhahiri. Bi Polepole alikita kidole chake papo hapo penye jeraha, akakizungusha. Mwalimu alipiga ukelele. Sajini akamdondosha kwa rungu la gotini, akamkalia mgongoni.

Akiwa pale chini, shavu sakafuni, alizungumza bila kuulizwa tena.

"Alinionyesha picha za wale wasichana. Ngozi imewatoka kama glavu. Akasema nimewaua mimi. Mimi, niliyewapa watu hawa heshima! Ungeona nyuso zao wakipokea vyeti. Nani mwingine aliwahi kuwaambia wamefaulu?"

"Alikutaka nini?"

"Niende kwa wazazi wao. Nikawaambie kwa mdomo wangu. Akanipa kisogo, anakusanya vitu vyake, kama amemaliza kunisahihisha." Alivuta pumzi. "Nilitaka anyamaze. Nikapiga, na bado nikawa namsikia."

Mkuu wa kituo alikaa kwenye dawati la wanafunzi, akajifunika uso.

Bucha alitolewa adhuhuri, bandeji imezunguka kichwa chote. Mkewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu jana, mwanamke mfupi aliyekaa wima kama nguzo. Inspekta, mkono ukiwa kwenye kombeo, alikusudia kuwapisha, lakini mchinjaji alikuwa ameshafungua mdomo. Alisema palepale mbele ya askari na watu waliokuja kuripoti simu zilizoibwa: hajui kusoma, hajawahi kujua, na gazeti analishika tu.

Mkewe akainuka, akamnasa kofi kwenye upande usio na bandeji, kofi lililowafanya askari wageuke.

"Gazeti la juzi ulilishika juu chini," alisema. "Na la kabla yake pia. Nilikuwa nangoja uniambie. Na wewe ulikuwa tayari kuniacha mjane?"

Mama yule akalikamata lile jitu kwa kiwiko, akalipitisha katikati ya watu, wakatoka nje kwenye jua.