Mkeka wa Bibi na Maonyesho ya Mjini

Ndugu zangu mnaoishi kando ya barabara ya Korogwe kwenda Handeni, na ninyi wa mbali mnaosoma, mimi ni Mama Elina, fundi cherehani. Nilizaliwa mlimani Lutindi nikaolewa huku chini kwenye joto, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa jirani wa nyumba ninayotaka kuisimulia. Sisengenyi. Mwenye nyumba, Hamisa, ameniruhusu, na ameniomba nisifiche hata pale nilipokosea mimi.

Jioni za nyumba ile zilikuwa tamu. Kibwana, mumewe Hamisa, alirudi shamba akakaa barazani na redio yake. Nyuma ya nyumba tuliketi wanawake sita au saba, kila mmoja na ukindu wake uliolowekwa kwenye beseni, tukisuka ukili, ile mikanda mirefu ambayo hushonwa pamoja ikawa mkeka. Katikati yetu alikaa mama yake Kibwana, ambaye kitongoji kizima tulimwita Bibi. Macho yake yalikwishaingia ukungu, lakini vidole vyake havikuhitaji macho. Alikuwa akinitania kwamba sisi watu wa mlimani tunasuka ukili uliopinda kama barabara zetu.

Hakuna aliyelipwa. Leo tulimsukia Hamisa, kesho tulimpalilia Mama Shamimu, keshokutwa wote walikuja kunibebea mahindi yangu. Ndivyo tulivyoishi, na hatukuwahi kukaa chini tukauliza kazi ile ina thamani gani.

Shida ya nyumba ile ilikuwa paa. Lilikuwa la nyasi, limechoka, na chumba cha Bibi ndicho kilichovuja kuliko vyote. Kila masika kitanda chake kilihamishwa kona hii na ile. Hamisa alijiapiza kwamba masika yanayokuja yatamkuta mama mkwe wake chini ya bati. Zilihitajika bati ishirini.

Mwezi wa Oktoba kukawa na maonyesho ya kazi za mikono mjini Korogwe. Hamisa alipeleka mikeka na vikapu, akaweka meza kwa siku mbili, akauza vyote. Jioni zote mbili alirudi kulala nyumbani kwake, na chakula alichokula alikuwa amekifunga mwenyewe. Akabaki na laki mbili na nusu mkononi, ambazo ni bati nane na chenji. Tulimpigia vigelegele, na Bibi akasema usiku ule atalala akisikia mvua ya bati hata kama hainyeshi.

Laiti Hamisa angezinunua zile bati nane wiki ileile.

Baada ya mwezi ukaja mwaliko wa maonyesho makubwa, katika mji wa mbali, siku nane nzima, mwezi wa Februari. Hamisa aliniletea karatasi zile nimsomee. Zilikuwa na picha za mabanda yenye taa na wageni waliovaa kofia pana. Mimi msomi wa darasa la saba niliziangalia picha, nikampa ushauri wa picha. Nilimwambia kama Korogwe kwa siku mbili ameuza vile, siku nane za mji mkubwa zitaezeka nyumba na jiko. Bei ya banda ilikuwa imeandikwa chini kabisa, nami niliisoma harakaharaka kama mtu anayesoma jina la marehemu asiyemjua.

Basi laki mbili na nusu za Korogwe zikaenda kwenye banda. Kibwana akauza mbuzi wawili kwa ajili ya ukindu na rangi. Alinung'unika kidogo, kisha akanyamaza, maana hakutaka kuonekana mwanamume anayemfungia mkewe riziki.

Kuanzia hapo jioni zetu zilibadilika. Hamisa alitupimia ukili kwa pima, akatuharakisha, akakasirika mtu akichelewa. Mwezi wa Januari Mama Shamimu alikuja kuomba mikeka miwili, binti yake anaolewa. Kwetu bibi harusi hatoki bila mkeka wa ukindu. Hamisa hakuinua hata uso. Alimwambia mikeka yote ni ya maonyesho, na kwamba Handeni madukani kuna ya plastiki, ina maua mazuri. Mama Shamimu alishukuru akaondoka. Hakurudi tena kusuka, na baada yake mwingine hakurudi, kisha mwingine. Mwishowe tukabaki mimi na Bibi.

Siku ya kufunga mizigo idadi aliyojiwekea Hamisa ilipungua mkeka mmoja. Msomaji, hapa sikiliza vizuri. Chini ya kitanda cha Bibi kulikuwa na mkeka uliokunjwa, umefungwa kwa kamba. Alikuwa ameusuka mwenyewe miaka mingi nyuma, macho yakiwa mazima, akauweka pamoja na sanda yake. Wazee wa Kiislamu wa huku wengi hufanya hivyo, ili siku yao ikifika watoto wasihangaike. Hamisa akaenda kuuomba, akaahidi kwamba akirudi atamsukia mwingine mzuri zaidi.

"Chukua, mwanangu," Bibi alisema. "Sina haraka ya kwenda."

Hamisa alikwenda na binti yake Husna. Sitawachosha na habari za huko. Watu walijaa, wakapiga picha, wakashika mikeka wakasifu, wakaenda banda la pili. Siku ya nane, kwa kuwa kurudisha mzigo kungegharimu nauli nyingine, Hamisa aliuza kila kilichobaki kwa nusu bei. Mkeka wa Bibi ulikuwemo.

Alirudi na cheti chenye jina lake na zawadi kwa kila mtu, kwa sababu aliyetoka safari ndefu kama ile angerudije mikono mitupu? Mimi nililetewa kitenge. Alitangaza kwamba ameuza laki sita, na habari zikafika hadi Mombo. Lakini alipokwenda dukani kwa ajili ya bati, alirudi na bati moja, kijana wa bodaboda ameishika mgongoni. Aliiegemeza ukutani, akaja kwangu, akakaa karibu na cherehani.

Tulirudi wote kwake tukahesabu, Bibi akiwa pale anasuka. Nauli ya basi na mzigo, gesti siku nane, chakula cha watu wawili, zawadi. Katika laki sita zilibaki elfu thelathini tu, ambazo ndizo bati ile. Fedha za Korogwe na mbuzi wa Kibwana hazikurudi. Nilihisi aibu iliyonichoma hadi masikioni, kwa sababu kila kitu kile kingeweza kuhesabiwa kabla ya safari, na mimi ndiye niliyekuwa na miwani.

Bibi alisubiri tumalize. Kisha akauliza, "Gesti mmeiandika. Basi mmeliandika. Vidole vyangu mmeviandika wapi?"

Hamisa akasema, "Mama, wewe si mtu wa nyumbani?"

"Ndiyo maana nauliza. Wa nje ungemwandika."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na aliendelea kusuka.

Masika yalikuja mapema mwaka ule. Kibwana aliipigilia bati ile moja juu ya kitanda cha mama yake, na mvua ikaingia pande zote nyingine. Sakafu ya udongo ililowa, na godoro likavuta unyevu. Kifua kikambana Bibi. Walimpeleka hospitali, akapata nafuu, akarudi kwenye chumba kilekile, kikambana tena. Alifariki Ijumaa asubuhi, mvua ikinyesha. Kwa kuwa alikuwa mzee sana, siwezi kusema kwamba ni paa lililomuua. Lakini siwezi pia kusema kwamba paa halikuhusika, na Hamisa naye hawezi.

Msiba haususiwi. Wanawake wote walikuja, hata wale walioacha kusuka. Baada ya kuosha, mmoja akatoka akauliza mkeka wa kumlazia Bibi uko wapi. Sanda ilikuwepo, mkeka haukuwepo. Katika nyumba ile ambayo ukili ulisukwa kila siku kwa miaka arobaini hapakuwa na mkeka hata mmoja. Hamisa alisimama mlangoni, mikono kichwani, akirudia kusema kwamba aliahidi kumsukia mwingine.

Mama Shamimu alitoka akaenda kwake. Alirudi amejifunika khanga dhidi ya mvua, na kwapani ana mkeka wa zamani, rangi zimefifia, pindo zima.

"Huu alinisukia mwenyewe nilipoolewa," alisema. "Mpeni. Ni wake."

Bibi akaenda nao. Na mimi, ambaye si mtu wa kulia hadharani, nililia mpaka Husna akanishika mkono.

Mwaka umepita. Mwaliko wa mji mkubwa ulikuja tena, na Hamisa aliniletea tena karatasi zile. Safari hii tulianza na sehemu ya chini. Tukaandika kila senti ya njia, na juu ya hizo tukaandika malipo ya kila pima ya ukili, hata atakaosuka Husna. Kisha tukajiuliza tutauza mikeka mingapi ili kulipia tu hayo. Ilikuwa mingi kuliko tunayoweza kusuka. Hamisa akaukunja mwaliko akaurudisha kwenye bahasha.

Atakwenda Korogwe tu, siku mbili, na kulala kwake. Mikeka mingine anampa mama mmoja anayeuza matunda stendi ya Mombo. Wanawake wanarudi nyuma ya nyumba mmoja mmoja, na wanalipwa. Bati zimefika kumi na tatu. Mkeka wa kwanza alioumaliza baada ya arobaini aliupeleka kwa Shamimu, aliyetoka kwao na mkeka wa plastiki, na wa pili ameufunga kwa kamba akauweka chini ya kitanda chake mwenyewe.

Funzo

Ndugu zangu, maonyesho si mabaya. Mabaya ni kwenda bila kujua. Mauzo si faida: toa kwanza nauli, banda, malazi, chakula na zawadi, na uyatoe ukiwa bado nyumbani. Halafu toa nguvu za wale wanaokusaidia bila kudai, kwa sababu wasiodai ndio tunaowamaliza. Na kama hesabu yako haitimii mpaka uchukue kitu alichojiwekea mtu mwingine, hiyo si biashara, usiende. Kuna ahadi ambazo mtu hupewa siku za kuzilipa, na kuna ahadi ambayo uliyemwahidi huondoka kabla hujailipa, ukabaki nayo mlangoni.