Mtoto Anayemruka Mfinyanzi

Bomba la jikoni kwa mpiga pasi lilikuwa linavuja tangu zamani, tone, kimya, tone, naye alishalizoea kama mtu anavyozoea mkoromo wa mumewe. Kilichomshtua jioni ile ni kulisikia tone likitoka kwenye simu. Alikuwa katika kikao cha kozi, na mwenzake wa mazoezi hakuwa amewasha kamera, kioo ni cheusi tu, na nyuma ya weusi ule bomba lilikuwa linadondoka. Tone la simu. Kisha tone la jikoni. La simu ndilo lililotangulia.

Akajiambia ni mtandao. Mtu aliyesimama kutwa nzima juu ya pasi ya mvuke hana nguvu ya kubishana na mtandao.

Na kozi yenyewe hakuifuata kwa kupenda masomo. Alikuwa akipiga pasi kwenye kiwanda kimoja kikubwa cha dobi kinachofua mashuka ya mahoteli na hospitali, na nyumbani alikuwa na mama yake tu, aliyekuwa mshonaji enzi zake, ambaye kumbukumbu zilianza kumchomoka kama uzi wa pindo. Kwanza alisahau alikoweka miwani. Kisha akasahau kama ameshakula. Halafu asubuhi moja alipokea kikombe cha chai kutoka kwa binti yake, akashukuru vizuri kabisa, akauliza, "Na wewe, bibi, ni mtoto wa nani?"

Mpiga pasi alikwenda kazini akalia nyuma ya marundo ya mashuka, akanawa uso, akaendelea na kazi. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, wala hakuwa anangoja urithi. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake asimsahau. Daktari alisema dawa ya kumrudisha hakuna, ila azungumzishwe sana mambo ya zamani. Ndipo mfanyakazi mwenzake akamwambia kuna kozi ya bure ya kufuatilia ukoo, vikao vyote kwa simu. Mle hufundishwa namna ya kumhoji mzee bila kumtilia maneno mdomoni, namna ya kuuliza jambo lile lile siku mbili tofauti ili kuona kama jibu linasimama, na namna ya kuchora mti wa ukoo. Akajiandikisha akiwa amesimama, pasi mkono mmoja, simu mkono wa pili.

Ukoo wenyewe aliujua kwa kuimba. Kwao mtu huitwa kwa kazi yake au kwa kasoro yake, jina la kuzaliwa hubaki la hospitali. Alipokuwa mdogo, mama yake hakumfungulia mlango mpaka autaje wote: Mimi ni wa Mshonaji, Mshonaji wa Seremala, Seremala wa Mfinyanzi, Mfinyanzi wa Kipara, Kipara wa Mvukamto. Naye kila siku alimruka Mfinyanzi. Kila siku ya Mungu, Seremala akawa wa Kipara, na mama alicheka kule ndani, akafungua, akampiga konzi la mapenzi.

"Kwani lazima, mama? Si unaisikia sauti yangu?"

"Sauti huigwa. Jini linajua kubisha hodi kuliko mtu, mwanangu. Ila halina baba wa kumtaja. Ukiliuliza wa nani, litanyamaza, litaondoka. Usimwambie mtu karibu kabla hujamuuliza."

Haya ni mambo ya utotoni. Mtu akikua huyaweka kando, pamoja na meno ya maziwa.

Basi kwenye kozi mwalimu aliwagawa wawili wawili, kila jozi chumba chake cha pembeni humo humo kwenye simu, ili mmoja ahoji na mwingine ajibu. Mpiga pasi akapewa huyu asiyewasha kamera. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, yenye uchovu kama wake. Lakini alijua kuuliza, jamani. Hakuharakisha. Alingoja. Ukimaliza jibu alikaa kimya kidogo mpaka ukaona haya ukaongeza lililobaki.

"Nitajie ukoo wako," alisema jioni ile ya bomba.

Mpiga pasi alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima kwenye mvuke wa pasi. Akautaja, na kwa mara ya kwanza maishani hakumruka Mfinyanzi.

"Tena. Polepole."

Akautaja tena. Sauti ikamfuata nyuma, neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni. Kisha ikamuuliza wimbo aliobembelezewa, kovu lake la goti lilitoka wapi, mama humwitaje akiwa amefurahi, na mwisho ikauliza, "Na wewe, umechoka?"

Miaka mingapi hajaulizwa hivyo? Machozi yalimtoka, akajibu kila kitu. Alisema mpaka koo likakauka, na alipomaliza alijisikia mwepesi, kama aliyetua ndoo.

"Ningependa siku moja nije nimsalimie mama," sauti ikasema.

"Karibu," akasema mpiga pasi. Angesema nini tena? Karibu haina gharama, na ndiyo malezi.

Kitandani mama yake akainua kichwa. "Unamkaribisha nani huyo? Umemuuliza wa nani?"

"Mama, ni mwanafunzi mwenzangu."

"Uanafunzi si ukoo."

"Nimechoka, mama. Lala basi."

Tone la simu likakatika. Na la jikoni nalo likakatika, bomba lililowashinda mafundi wawili.

Tangu hapo mama akapata nafuu, na hiyo ndiyo iliyomfumba macho mpiga pasi. Akirudi jioni alimkuta mzee ameoga, amekula, nywele zimesukwa. "Nani kakusuka, mama?" "Si wewe?" anajibu, anacheka. Kulikuwa na harufu tu. Shuka likikunjwa bado bichi hutoa uvundo fulani, na mpiga pasi huujua kabla hajafungua kabati. Uvundo huo sasa ulikuwa kwenye mto wa mama, kwenye khanga zake, kwenye nywele zake. Alifua vyote akavianika juani, na bado.

Siku moja jirani wa mlango wa pili, ambaye mchana humchungulia mzee, alimsimamisha uani.

"Siku hizi sisumbuki tena kuja," alisema. "Nakusikia upo, unamwimbia."

"Mchana? Mchana mimi niko kazini."

Jirani akashusha sauti. "Basi itakuwa redio."

"Itakuwa redio," mpiga pasi akakubali, na wote wawili walijua nyumba ile haina redio. Tusimlaumu. Uchovu hulevya, na mama yake alikuwa anacheka tena. Nani angetaka kukichunguza kicheko cha namna hiyo?

Wiki iliyofuata kikao kiliwekwa mchana. Alijificha nacho kwenye stoo ya mashuka, simu ameiegemeza kwenye rundo. Kioo cheusi hakikuwepo.

"Mwalimu, mwenzangu wa mazoezi leo haji?"

"Mwenzako yupi?" mwalimu aliuliza. "Idadi yenu haigawanyiki kwa mbili, dada yangu. Wewe kila mara hubaki peke yako, na nilitaka kukuomba radhi kwa hilo."

"Yule asiyewasha kamera."

Mwalimu akasogea karibu na kamera. "Siku moja niliingia kwenye chumba chako nikakuta unazungumza mwenyewe. Unataja ukoo, unanyamaza, unautaja tena. Nikasema huyu ana bidii."

Kabla hajajibu, ujumbe wa jirani ukaingia kwenye simu: Afadhali leo umewahi kurudi. Mama yako anacheka mpaka huku tunamsikia.

Hakuomba ruhusa. Alitoka na aproni yake mwilini, akavuka barabara bila kutazama, magari yakimpigia honi, miguu iliyovimba kwa kusimama tangu alfajiri ikimwaka moto, na njia nzima alikuwa anajaribu kukumbuka ni kitu gani hakukisema, kimoja tu, wimbo alisema, kovu alisema, jina la utani alisema, hata namna mama anavyomkwaruza kiganja akitaka kumwamsha alisema, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyoona kwamba amejimwaga wote ndani ya kile kioo cheusi, hakubakiza hata punje ya kujitambulisha nayo, na sasa yule aliyeuchukua ukoo wake alikuwa nyumbani na mama yake, mchana kweupe, na yeye ndiye aliyemwambia karibu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Vidole vya mama vilishindwa na komeo lile tangu mwaka jana, na mchana mlango hurudishwa tu.

"Hodi," akasema.

"Nani?" ikajibu sauti yake mwenyewe kutoka ndani.

Uvundo wa nguo mbichi ulikuwa unapenya chini ya mlango. "Mama," akaita, "ni mimi. Nifungulie."

"Usifungue, mama," ile sauti ikasema kwa upole. "Matapeli wamejaa siku hizi."

Kisha akamsikia mama yake, taratibu, amechanganyikiwa. "Mbona nawasikia wawili? Haya, kila mmoja aseme. Wa nani?"

Sauti ya ndani ikaanza. "Mimi ni wa Mshonaji. Mshonaji wa Seremala. Seremala wa Mfinyanzi. Mfinyanzi wa Kipara. Kipara wa Mvukamto." Imenyooka, haina kigugumizi, hata shuka la hospitali halipigwi pasi likanyooka hivyo.

"Na wewe wa nje?"

Mpiga pasi aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Pumzi ilikuwa haipandi, kichwa kilikuwa kinavuma. Mambo yote ya kozi yalimtoka. "Mimi ni wa Mshonaji," akasema. "Mshonaji wa Seremala. Seremala wa Kipara..." Akasikia alichosema, akafumba macho. Amemruka. Siku hii, kati ya siku zote, amemruka. Akakaa chini pale kizingitini.

Ndani mama yake akacheka. Kile kicheko cha zamani, cha mchana wa kutoka shule.

"Huyo wa nje ndiye wangu," mama akasema. "Mwanangu hajawahi kupita kwa Mfinyanzi hata siku moja. Wewe uliyenyooka hivyo, wa nani?"

Hakuna jibu.

"Nakuuliza, wa nani?"

Komeo likachomoka lenyewe. Mlango ukafunguka kidogo, na kitu chenye ubaridi wa nguo mbichi kikapita juu ya kichwa cha mpiga pasi aliyekaa, kikatulia hapo muda mfupi kama mtu anayesikiliza, kikaenda. Jikoni bomba likaanza tena kuvuja. Mama yake alikuja akishika ukuta, akampiga konzi dogo utosini, akamwambia, "Umechoka, mwanangu. Ingia." Walilia wote wawili, na mpiga pasi hakuwahi kufurahi vile tangu azaliwe.

Kozi aliiacha. Simu aliiuza. Kila jioni alibisha hodi, akaulizwa, akautaja ukoo, na kila jioni alimruka Mfinyanzi, sasa kwa kusudi, maana huo ndio ufunguo wao. Siku nyingine mama hakumkumbuka uso, lakini akilisikia kosa lile alifungua. Ilitosha. Mtu hujifunza kutosheka.

Mpaka siku moja ya mapumziko, alasiri, jua bado linawaka uani. Mama amekaa kitandani, mpiga pasi yuko karibu yake, anakunja khanga zilizokauka. Asubuhi ile mzee hakuwa vizuri. Alikuwa akimtazama binti yake kwa heshima, kama anavyotazamwa muuguzi.

Bomba likanyamaza.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Mpiga pasi alishika mkono wa mama yake. Alitaka kusema usiulize, lakini mzee alishauliza, maana hayo ndiyo malezi aliyobaki nayo.

"Wa nani?"

"Mimi ni wa Mshonaji," ikajibu sauti ya nje, ikihema, imechoka. "Mshonaji wa Seremala. Seremala wa Kipara..." Ikasita hapo, kama mtu aliyesikia kosa lake.

Uso wa mama ukang'aa. Akauchomoa mkono wake polepole, akashusha miguu, akatafuta kandambili kwa vidole.

"Hebu nipishe, bibi," akamwambia mpiga pasi kwa adabu zote. "Nikamfungulie mwanangu."